Mshipi wa Tumbo na Fadhila ya Kiasi

Je, kiasi chaweza kununuliwa kwa mganga?

Mwaka 1993, mjini Huy, katika Ubelgiji, mganga Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, alipitisha vyombo vyake katika matundu madogo, akamfunga mgonjwa mnene mshipi wa silikoni upande wa juu wa tumbo, apate kushiba upesi. Wengi walidhani taabu imekwisha.

Lakini mshipi huweza kuteleza, au kupenya nyama ya tumbo. Waganga wa Brussels waliwapima tena wagonjwa 82, miaka 12 na zaidi baada ya kupasuliwa. Mwaka 2011 walitangaza kwamba karibu nusu yao walikuwa wameondolewa mshipi. Tena vinywaji vya sukari hupita bila shida: mshipi hufunga tumbo, haufungi tamaa.

Je, tuseme kila mnene ni mlafi? Hasha! Unene uliozidi ni ugonjwa, na wengine huurithi. Anayewacheka amekosa mapendo. Wala kupasuliwa si dhambi, kwani twapaswa kuutunza mwili tuliopewa na Mungu. Ila mshipi ni fimbo ya kutembelea, si miguu.

Basi mganga aseme ukweli wote kabla ya kushika kisu. Mgonjwa ajizoeze kiasi siku kwa siku, akiomba neema. Na ikiwa mshipi umemshinda, sisi jamaa zake tusimwaibishe, bali tule naye kwa kiasi mezani pamoja.