Mali Iliyokuja kwa Makosa

 

Katika darsa zetu limekithiri kuulizwa suala moja, na wenye kuliuliza si wezi wala si watu wa hila, bali ni wake kwa waume wenye kuiogopa haramu. Suala lenyewe ni hili: mtu huandikwa katika daftari ya serikali apewe posho kwa ajili ya uzee wake, au ulemavu wake, au mayatima alio nao, kisha siku moja aletewa zaidi ya haki yake, au aendelea kuletewa baada ya haki ile kwisha. Hakuomba ziada, hakusema uwongo, hakughushi karatasi. Je, hiyo ni riziki aliyoletewa na Mola wake, au ni mali ya watu iliyopotea njia ikaangukia mlangoni pake?

Twajibu kuwa ni mali ya watu. Walakini jawabu hili fupi halimtoshi mwenye kuuliza, kwani ndani yake mna mambo ambayo mtu asipoyapambanua atajidhulumu nafsi yake au atawadhulumu wenziwe.

Nchini kwetu Kenya posho hii yajulikana kwa jina la Inua Jamii. Ilianza kwa mayatima mwaka 2004, kisha wakaingizwa wazee, na baadaye wenye ulemavu mkali. Na tangu mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa wazee wote waliotimia miaka 70. Kiwango chake kilichozoeleka ni Sh. 2,000 kwa mwezi. Wala si hisani ya mkubwa yeyote, maana Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeifanya kuwa ni haki ya raia asiyeweza kujikimu. Basi mzee anayeipokea asione haya, wala asimpigie mtu magoti kwa ajili yake.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba hiyo ni ziada kweli. Posho hizi mara nyingi hazifiki kwa wakati. Hupita miezi miwili, mitatu, minne, kisha zikaja kwa mkupuo. Bibi aliyezoea Sh. 4,000 akiona Sh. 8,000 hutetemeka akadhani amepewa cha mwenziwe, kumbe ni haki yake ya miezi minne iliyolimbikwa. Huyu hana la kurudisha, na mwenye kumwambia arudishe amemdhulumu. Kwa hiyo na ahesabu miezi, tena ahesabu pamoja na mtu mwaminifu ajuaye kusoma, na akibaki na shaka aende akaulize. Dini yetu haikutuamuru kuitoa haki yetu kwa wasiwasi.

Akishahesabu akayakinika kuwa amezidishiwa, hapo hukumu ni wazi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na hakusema amana zile tulizokubali kuziweka tu. Na katika hadithi ya Samura, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mkono wabeba dhamana ya ulichokitwaa mpaka ukirudishe. Na maulamaa wa fikihi wameweka kanuni kwamba dhana ikishadhihirika kuwa ni kosa haitegemewi tena: aliyekulipa akidhani wakudai, kisha ikabainika kuwa hukumdai, ana haki ya kukitaka chake. Karani kukosea hisabu hakukuhamishii milki. Ni sawa na mwenye duka aliyekupa chenji ya noti kubwa hali wewe ulimpa ndogo. Hakuna aliyelelewa akalelewa vyema asiyejua la kufanya hapo.

Sasa watu wana hoja zao, nasi hatuna budi kuzisikiliza, kwani baadhi yake huvaa nguo ya haki.

Yuko asemaye: "Mali ya serikali ni mali ya watu wote, nami ni mmoja wao." Twamwambia: hilo lakuhukumu wewe, halikutetei. Ukila cha mtu mmoja, utamwendea mtu mmoja umtake radhi. Ukila cha umma, utawaendea wangapi? Baada ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, aliuawa kwa mshale mtumwa aliyekuwa akimhudumia Mtume, watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akawakatiza, akawaambia kwamba ile shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla haijagawanywa yamuwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaja mbio na ukanda wa kiatu, na yasemekana kanda mbili, akavirudisha. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Tazama thamani ya ukanda wa kiatu, ndugu yangu, kisha utazame Sh. 2,000.

Yuko asemaye: "Serikali yenyewe si ya Kiislamu." Huyu amesahau usiku wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume, na amana zao ziko kwake. Naye akamwacha Sayyidna Ali nyuma, katika hatari ile, ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa waliotaka kumwaga damu yake walirudishiwa chao, wewe hazina ya nchi yako waihalalisha kwa hoja gani?

Na yuko asemaye kuwa wakubwa waiba mamilioni, kwa nini yeye abanwe kwa elfu mbili. Wizi wao twaujua na twauchukia, na yatupasa kuusema. Lakini kila mtu atafufuliwa na mzigo wake, na mzigo wa waziri hauipunguzi shehena yako hata kibaba.

Hoja iliyo na uzito kuliko hizi ni ya mtu asemaye: "Serikali ina deni langu. Miezi mitano sikupewa kitu, nimekwenda ofisini nimechoka. Leo imenijia ziada, najilipa." Katika madhhab yetu ya Imamu Shafii mas'ala haya yana mlango wake, nayo ni ya mtu aliyenyimwa haki yake kisha akaipata mali ya yule aliyemnyima. Mtume alimruhusu Hindu mke wa Abu Sufyani kutwaa katika mali ya mumewe kwa wema kiasi cha kumtosha yeye na wanawe, kwa kuwa mumewe alikuwa mzito wa mkono. Lakini ruhusa hiyo ni ya haki iliyothibiti, ijulikanayo hisabu yake, na isiyopatikana kwa njia nyingine. Haimo ndani yake manung'uniko ya ushuru, wala barabara mbovu, wala hospitali isiyo dawa. Tena hata mwenye deni la kweli na aiarifu ofisi kwamba ziada hii aihesabu katika malimbikizo yake, kwani asiposema, malimbikizo yatakuja baadaye kama desturi, naye atakuwa amelipwa mara mbili.

Wengine hufanya jambo ambalo kwao ni ucha Mungu: huitoa ile ziada sadaka, au huipeleka kununulia mkeka wa msikiti. Mali hutolewa hivyo pale ambapo mwenyewe hajulikani na amekwisha kutafutwa. Hapa mwenyewe ajulikana, ana ofisi, ana muhuri. Sadaka ya mali ya mtu haimtui mtoaji mzigo, na msikiti hauhitaji mkeka huo.

Tuje kwenye jambo linalotusikitisha zaidi, nalo ni posho ya maiti. Mzee afariki, watu wamzika, arubaini yapita, na simu yake au kadi yake ya benki yabaki kwa mwanawe au mjukuu. Fedha zaendelea kuja, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kwa chifu wala ofisi ya ustawi wa jamii kuarifu kifo. Mjukuu hutoa na kutumia, na akiulizwa husema ni urathi wa babu. Hasha! Urathi ni kile alichokimiliki marehemu kabla ya roho kutoka. Posho aliyostahiki kwa miezi aliyokuwa hai yafaa waulizie, huenda ni yao. Ama iliyokuja kwa miezi aliyokuwa kaburini, hakuimiliki yeye, basi atarithiwaje asichokimiliki? Na kunyamaza hapa hakufanani na kunyamaza kwa bibi asiyejua hisabu. Huyu ajua. Kila akibonyeza namba ya siri ya marehemu amesema kwa kidole chake kuwa marehemu yu hai. Na wakati huohuo katika mtaa huohuo yuko mzee aliyetimia miaka, akiambiwa kila akienda kwamba asubiri, nafasi haijapatikana.

Hatuandiki haya kuwalaumu mafakiri peke yao, kwani makosa ya daftari hutoka ofisini kabla ya kutoka mitaani, na serikali nayo ina la kujibu mbele ya Mungu. Sayyidna Umar (R.A.) alipoweka daftari za posho, aliagiza watoto wapewe baada ya kuachishwa ziwa. Wanahistoria wasimulia kwamba usiku mmoja alimsikia mtoto mchanga akilia sana, akamuuliza mamake; mama, asijue asema na nani, akajibu kuwa amharakisha kuacha ziwa kwa sababu Umar hampi posho anyonyaye. Alfajiri ile Umar hakuweza kusoma vizuri katika sala kwa kilio. Kisha akatangaza kuwa kila mtoto azaliwaye apewe posho yake. Hakumwita mama yule mlaghai, bali aliitazama kanuni yake akaona kosa limo humo.

Kinyume cha mwendo huo tumekiona Uholanzi. Huko maelfu ya wazazi waliopewa msaada wa malezi ya watoto waliitwa wadanganyifu kwa sababu ya saini iliyokosekana au mchango mdogo ambao haukulipwa, wakadaiwa warudishe msaada wote, si kile kilichozidi tu. Wengi wao walikuwa na asili ya Moroko, Uturuki na kwingineko ng'ambo. Watu walipoteza nyumba zao na ndoa zao. Mambo yalipofichuka, serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021. Na jamaa zetu walioko Uingereza, wenye kupokea posho ya kumtunza mgonjwa, wajua habari ya mpaka wa kipato: kabla ya Aprili 2025 aliyepata zaidi ya pauni 151 kwa wiki, hata kwa pauni moja, alipoteza posho ya wiki ile yote. Wako waliodaiwa maelfu ya pauni baada ya miaka, hali ofisi ilikuwa na habari za mapato yao na haikuwaonya. Mpaka ule ulipandishwa hadi pauni 196, lakini madeni ya nyuma yalikuwa yamekwisha kuwavunja watu.

Kwa hiyo twasema wazi: kosa na hadaa ni mambo mawili. Aliyepokea kwa nia njema akatumia bila kujua, hana dhambi, kwani ujinga wa namna hiyo huondoa dhambi. Lakini hauondoi deni, kwa kuwa dhamana ya mali haingoji nia. Hata mtoto akivunja chungu cha jirani, chungu hulipwa. Basi fedha ile ni deni juu yake, na mdaiwa aliye katika dhiki hukumu yake imo katika Suratul-Baqara, aya ya 280: apewe muhula mpaka apate wasaa, na kusamehewa ni bora zaidi. Ofisi inayoikata posho yote ya ajuza mpaka deni liishe imeikiuka aya hiyo. Na kifungu cha 47 cha Katiba yetu chataka mtu aelezwe kwa maandishi sababu ya uamuzi unaomdhuru. Mwenye kudaiwa na aitake barua hiyo bila ya hofu. Kuitaka si ukaidi.

Yabaki namna ya kurudisha. Usimkabidhi fedha karani mkononi bila stakabadhi. Wala usimtumie mtu aliyekupigia simu akidai yeye ni wa serikali na kwamba umetumiwa kwa makosa. Wahuni wamejaa katika njia hiyo, na amana hurudishwa kwa mwenyewe, si kwa anayejiita mwenyewe. Andika barua, au uandikiwe, utaje jina lako, namba ya kitambulisho, kiasi kilichozidi na tarehe kilipoingia. Chukua nakala, igongwe muhuri, kisha uambiwe ni akaunti gani ya serikali irudi humo au ikatwe katika posho zijazo kwa kiasi utakachokiweza. Ofisi ikikataa kupokea, au ikikuzungusha, fedha iweke kando bila kuigusa, uwashuhudishe watu wawili, na uiandike katika wasia wako. Sayyidna Abu Bakr (R.A.) katika maradhi ya mauti aliusia kwamba vitu alivyokuwa navyo kutoka Baitulmali virudishwe kwa atakayemfuatia, navyo alivipokea kwa haki. Vilipomfikia Umar alilia, akasema kuwa Abu Bakr amewachosha waliokuja nyuma yake.

Na ukifa kabla ofisi haijaipokea, warithi wako wasiigawe fedha hiyo. Itolewe kwanza pamoja na madeni mengine, kabla ya wasia na kabla ya mirathi.