Una Nini Nyumbani?

Somo letu la juma hili ni 2 Wafalme 4:1–7. Mjane amebaki na deni la marehemu mumewe, na mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Nabii hamwelekezi kwa tajiri yeyote, anamuuliza ana nini nyumbani. Mama anasema hana kitu, ndipo anaitaja chupa yake ya mafuta.

Somo hili limenikumbusha mgomo wa mwaka 1979 katika ITV ya Uingereza. (Si ITV yetu ya Dar es Salaam, wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja, na haikupata hadi 1994.) Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na kuanzia Agosti 10 hadi Oktoba 24 vituo vya mtandao huo vikazimika karibu nchi nzima. Kilichobaki hewani ni kimoja: Channel Television, cha visiwa vya Jersey, Guernsey na majirani zake, karibu na pwani ya Ufaransa. Kilikuwa kidogo kuliko vyote, na vipindi vyake vingi kilivipokea kutoka kwa wakubwa wa bara.

Kiliponaje? Vyama vya wafanyakazi vilielewa kwamba kampuni ndogo namna ile, ikikosa matangazo ya biashara kwa majuma mengi, ingekufa na ajira zake zote. Hapo mimi nasimama kidogo. Watu walio katikati ya kudai haki yao wenyewe, hasira zimepanda, bado walipima ni nani atauweza mzigo huu na ni nani utamvunja mgongo. Sisi je? Tukigombania mpaka wa shamba la mpunga au miche ya kokoa, tunamgomea hadi shangazi asiyehusika, na watoto tunawakataza kuchota maji kwa jirani.

Basi kituo kikabaki hewani bila vipindi vya bara, kikajaza saa zake kwa habari za visiwani, vipindi vya hapo hapo na filamu. Sidhani vilifikia ubora wa vile vya London. Lakini mwananchi wa Jersey aliyewasha televisheni jioni alikuta anasemeshwa.

Usharika wetu nao umezoea kupokea. Mahubiri tunayasikiliza kwenye simu kutoka Dar es Salaam na Nigeria, kwaya haifungui kinywa bila kinanda, na umeme ukikatika wimbo unaishia hapo. Hayo tunayafanya hapa Matema, ambako kila Jumamosi kina mama wa Kikisi kutoka Ikombe wanashusha sokoni vyungu walivyovifinyanga kwa mikono yao, na wanunuzi wanavifuata kutoka mbali. Sisemi kinanda ni dhambi. Nasema kisiwe ndicho kinachoamua kama Mungu atasifiwa.

Mhubiri mgeni tuliyemtarajia Jumapili ijayo ametuarifu kwamba hatafika. Ibada haitaahirishwa, itaanza saa 3 asubuhi, na neno litatolewa na mmoja wa wazee wetu wa kanisa. Mwenye wimbo, ushuhuda au ombi, hata kama hajawahi kusimama mbele ya watu, amwone katibu wa usharika kabla ya Jumamosi jioni.