Kujitayarisha kwa Elimu ya Kuwasimamia Watu



Kijana mmoja wa jamaa yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika usimamizi. Alinijia jioni moja, akakaa nami barazani, akaniuliza, "Baba mdogo, nijitayarishe kwa mambo gani kabla masomo hayajaanza?" Nikamjibu upesi yale yajulikanayo: azirudie hesabu zake, maana atakutana na hesabu za mapato na matumizi, na takwimu, na uchumi, azoee kusoma kurasa nyingi na kuandika kwa ufupi, ahesabu ada, nauli na chakula mpaka siku ya mwisho, tena aanze mapema kuifikiri tasnifu atakayoiandika. Akashukuru, akaenda zake. Lakini usiku ule sikulala vema, kwa kuwa niliona nimelijibu swali dogo, na lile kubwa nimeliacha. Nalo ni hili: Je, mtu akiisha kufundishwa namna ya kuwasimamia watu, amepata kwa hayo haki ya kuwasimamia?

Uwezo na haki ni vitu viwili. Fundi wa kufuli aweza kuufungua mlango wa mtu yeyote, wala hakuna asemaye kwamba kwa hiyo kila nyumba ni yake. Katika habari za milango twalijua neno hili. Katika habari za watu twalisahau upesi. Mtu arudipo na cheti chake, sisi wenyewe humwinamia, tukidhani kwamba aliyeisoma kazi yetu aijua kuliko sisi tuifanyao. Wazee walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Elimu hii si ya zamani sana. Huko Marekani chuo cha biashara cha Harvard kilianzishwa mwaka 1908, kikaanza kutoa shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara. Mwaka 1911 mhandisi Frederick Taylor alitoa kitabu chake juu ya kanuni za usimamizi wa kisayansi. Humo alisimulia habari za mchukuzi wa vipande vya chuma huko Bethlehem, katika jimbo la Pennsylvania, ambaye alimwita Schmidt. Kila kipande kilikuwa na uzito wa ratili 92. Wachukuzi walikuwa wakipakia tani 12 na nusu kwa siku. Schmidt, akiambiwa wakati wa kuinua na wakati wa kupumzika, alipakia tani zipatazo 47. Mshahara wake wa siku ukapanda kutoka dola 1 na senti 15 hata dola 1 na senti 85. Wanahistoria wa baadaye walizitilia shaka sehemu za masimulizi hayo, lakini na tuyachukue kama alivyoyaandika mwenyewe. Kazi ilizidi karibu mara nne. Mshahara haukufika hata mara mbili. Naye mwenye kitabu hakuona haya kuandika kwamba mtu afaaye kazi hiyo ni mzito wa akili, mfano wa ng'ombe.

Mtu atasema, "Schmidt alikubali mwenyewe, na fedha zake zilizidi za jana." Ni kweli. Tena kuipima kazi si kosa, wala kumfundisha mchukuzi kupumzika kwa wakati si kosa. Afadhali kipimo kuliko ukali wa nyapara asiyepima kitu. Kosa liko mahali pengine. Watu wawili walipatana, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na mzani na daftari. Yule mwingine alikuwa na mgongo wake. Mapatano ya namna hiyo yaweza kuwa halali, lakini si rahisi yawe ya haki.

Nasema hivi si kwa kumhukumu mtu wa mbali. Mimi nami niliwahi kuwa msimamizi wa ghala la kahawa. Nilikuwa na daftari, na kila mshona magunia aliandikiwa idadi ya magunia yake. Mzee mmoja hesabu yake ilikuwa chini ya wenzake daima. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nikamwachisha kazi. Daftari langu lilikuwa sahihi kabisa. Baada ya miezi miwili magunia yakaanza kupasuka njiani, kahawa ikamwagika, ndipo nilipoambiwa na wenzake kwamba magunia mabovu yote, yale wasiyoyaweza, walikuwa wakimpelekea yeye. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanena neno moja tu: "Ungaliniuliza, ningalikuambia." Nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, wala sikuweza kumrudisha. Deni hilo ninalo hata leo.

Alikuwako mwanamke wa Marekani, Mary Parker Follett, aliyefariki mwaka 1933, ambaye aliyafikiri sana mambo haya. Alifundisha kupambanua nguvu iliyo juu ya watu na nguvu iliyo pamoja na watu. Ya kwanza huamuru; ya pili hutafuta pamoja na wenye kazi neno ambalo kazi yenyewe yalitaka. Mimi ghalani nilikuwa na ile ya kwanza, na kwa sababu hiyo sikuyajua ya ghala langu mwenyewe.

Na hapa kwetu Tanzania tunalo fundisho jingine. Chuo cha Mzumbe, karibu na Morogoro, kilianzishwa mwaka 1953, kikiwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1963 cheo cha uchifu kikaondolewa kwa sheria. Chuo kikadumu, na tangu mwaka 2001 ni chuo kikuu, ambako wengi husomea shahada hii tunayoitaja. Tuone basi: cheo kilichotolewa kwa karatasi, karatasi nyingine yaweza kukiondoa. Asikilizwaye kwa ajili ya kiti chake tu, kiti kikiondoka hana msikilizaji. Lakini aliye mwenye haki, hata akiketi chini, majirani humwendea awaamulie maneno yao.

Basi haki ya kusimamia hutoka wapi? Naona hutoka katika kukubali kuulizwa. Awaulizaye wengine habari za kazi yao, naye akawa tayari kuulizwa nao habari za yake, huyo ana haki ya kukaa mbele yao. Akataaye kuulizwa, hata awe na shahada tatu, ana uwezo tu.

Kwa hiyo nilimwita tena yule kijana, nikamwongezea maneno matatu. La kwanza: kabla ya kuondoka, akae siku kadhaa na watu wafanyao kazi ya mikono, afanye pamoja nao, wala asiwahesabu. La pili: ayaandike majina ya wote wanaojinyima kwa ajili ya ada yake, mama yake na dada zake kwanza, na karatasi hiyo aiweke mezani asomapo, ajue kwamba muda wake si mali yake peke yake. La tatu: akichagua swali la tasnifu yake, achague lile ambalo jibu lake litawafaa watu atakaowauliza, na akiisha kuandika, awarudie kuwasomea.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza yule mzee mshona magunia akaa wapi. Nikamwonyesha njia.

Nanyi wasomaji, mlio na vijana wanaofunga mizigo yao kwenda vyuoni, msiwape fedha na sifa tu. Waulizeni maneno haya mapema, ili watakapokaa vitini wasishangae kuulizwa.