Je, Kumfungia Samaki ni Dhulma?



Wenzangu wanaojua kwamba nyumbani kwetu Buyenzi nafuga samaki katika tangi la kioo huniuliza: wewe una tofauti gani na yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia? Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na swali ni la haki. Linastahili jibu refu kuliko la kupeana mlangoni mwa msikiti.

Tuanze na Hadithi yenyewe. Kosa la mwanamke yule limeelezwa kwa sehemu mbili: hakumlisha paka, wala hakumwacha aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Lau kufungia peke yake ndiko kungekuwa dhambi, kutajwa kwa chakula kusingekuwa na haja. Tena ipo Hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas, aliyekuwa na kindege chake. Kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole ili kumliwaza, wala hakumkemea kwa kukifuga. Wapo wanazuoni walioichukua kuwa dalili ya ruhusa ya kufuga ndege, maadamu anatunzwa. Ninavyoelewa mimi, anayemfungia kiumbe amemzibia milango yote ya riziki isipokuwa mmoja, nao ni mkono wake yeye. Uzito wa jambo uko hapo.

Lakini kulisha ni nini? Hapa ndipo samaki wangu wanapolifanya swali kuwa gumu. Ni wa jamii ya Tropheus, na asili yao ni Ziwa Tanganyika tu. Hukaa penye mawe karibu na ufuko, wakikwangua kwa meno ule utando wa kijani wa mwani unaoota juu ya mawe, kidogo kidogo, kutwa nzima. Utumbo wao ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, kwa kuwa chakula cha namna hiyo hakisagiki upesi. Sasa mtu mkarimu akiwapa moyo wa ng'ombe uliosagwa, chakula ambacho samaki wengine wa matangini hunenepea, hawa huweza kuvimba tumbo, wakaacha kula na kufa baada ya siku chache. Mtu huyo hakuwanyima kitu. Amewapa kilicho ghali kuliko mwani. Je, amewalisha?

Nasema hapana. Kulisha ni kumpa kiumbe kile ambacho mwili wake ulioumbwa na Mola unakihitaji, si kile kinachotufurahisha sisi kukitoa. Utasema, lakini nia yake ilikuwa njema. Kweli, nia njema humpunguzia lawama asiyejua na asiye na njia ya kujua. Huyu lakini hakulazimishwa na mtu. Aliichukua amana kwa hiari, na kabla ya kununua alikuwa na nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo katika kufuga, elimu ni sehemu ya wajibu wenyewe.

Wapo pia wanaonunua samaki mla mwani kama mtu anavyonunua ufagio. Kioo kimeshika ukijani, basi aletwe wa kusafisha. Kioo kinasafishika, mwani unaisha, na samaki anabaki na njaa katikati ya maji yanayong'aa. Mgeni akiingia anasifu usafi. Nadhani hiyo ndiyo sura ya paka wa Hadithi iliyo karibu zaidi nasi, kwa sababu njaa ya samaki haina sauti.

Wengine hunirudi kwa hoja hii: sisi tunakula ndagala na mukeke kila siku, iweje kumuua samaki kuwe halali, na kumweka hai kuwe na masharti mengi? Jibu langu ni kwamba mvuvi huchukua uhai mara moja, kwa haja na kwa idhini ya Aliyeuumba, na hapo hesabu yake na samaki yule imefungwa. Mfugaji huchukua maisha mazima. Kila asubuhi deni lake ni jipya. Umeme ukikatika usiku pampu husimama, na mimi lazima niamke niwashe ile ya betri. Tropheus wachache katika tangi dogo hupigana hadi mnyonge afe, maana ziwani angekimbilia nyuma ya jiwe, na kioo hakina pa kukimbilia. Ndiyo maana ninao 22 katika lita 400, ili ugomvi usimwangukie mmoja.

Na mlango wa pili wa Hadithi, ule wa kumwachia, kwangu umefungwa. Samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, hivyo kila ufuko wa mawe una rangi yake. Nikiwamwaga wangu ufuko wowote watachanganya kizazi cha pale. Jike hutaga mayai machache, hukaa nayo kinywani kwa takriban mwezi mzima, na hata akiwa hivyo hukwangua mwani kwa ajili ya watoto waliomo kinywani. Ufuko ukivuliwa hadi kuisha, haujazi tena haraka.

Baba yangu mdogo amewahi kuzamia kwa ajili ya wauzaji wanaosafirisha samaki wa mapambo nje. Aliniahidi wa Nyanza-Lac, bure. Nilimshukuru nikakataa, nikabaki na wangu waliozaliwa tangini. Alisononeka, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyolipa karo ya watoto wake. Simhukumu. Mwenye haja ana udhuru ambao mwenye kutaka pambo hana. Biashara hiyo ni ya zamani hapa Bujumbura, kiasi kwamba mwaka 1975 wataalamu walimpa samaki mmoja jina la Tropheus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa ziwa letu. Mnunuzi ndiye anayeamua kama biashara hiyo itatoka ziwani au tangini.

Hoja inayonielemea zaidi ni ya israfu: gharama ya tangi ingemsaidia mwenzetu wa bweni anayekula mlo mmoja. Siidharau. Napunguza gharama kwa kuweka mawe katika beseni la maji juani mpaka yaote mwani, na kwa mchicha uliochemshwa kidogo. Hata hivyo, ukishamfungia kiumbe, chakula chake si anasa tena, ni deni. Anasa ilikuwa katika ule uamuzi wa kwanza, na hapo ndipo pa kujihesabu.

Basi, ndugu msomaji, ukivutiwa na tangi la samaki, jiulize kwanza: huyu anakula nini, nitampa miaka mingapi, na amekuja kutoka wapi? Ukiwa na majibu na uwezo, mfuge kwa ihsani. Ukiwa huna, nenda ziwani penye mawe, chutama, uwatazame. Huko Mola wao anawalisha bila ya mkono wako.

Wallahu a'lam.