Maji Hayana Bikoni

Mpwa wangu, nimesikia Ijumaa mtu wa msumeno anakuja kuuangusha mwembe. Hukuniambia wewe, nimeambiwa na mama mmoja aliyeokota embe zake tangu usichana wake. Sina ugomvi. Ploti ni yako, futi hamsini kwa mia, hati unayo, na pesa zake ulizitafuta kwa jasho kwenye mahoteli ya Diani. Lakini kwetu sisi Wadigo mjomba halali na neno. Nikilala nalo leo, kesho litakukosesha usingizi wewe.

Haya nimeshayasema kwa wengi Ukunda hii, toka Kona ya Musa hadi Mvindeni. Huitikia "ndiyo mzee", wakaenda wakajenga vile vile. Siwalaumu. Na mimi niliwahi kuambiwa, nikaitikia hivyo hivyo.

Kaa nikueleze. Kile kiwanja changu cha vyumba vya kupangisha kilikuwa na miembe miwili na mkanju mmoja. Fundi akanipigia hesabu: ukiondoa miti, vyumba sita vinakuwa tisa. Nikaiondoa. Choo nikakichimba hatua kumi na nane kutoka kisimani, maana hapakubaki pengine. Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja. Mwaka wa tatu, mvua ikinyesha, kisima kinatoa harufu. Bwana afya akaja, akachota chupa moja akaenda nayo. Aliporudi aliniambia kwa upole: mzee, haya fulieni nguo tu.

Leo kisima kimefunikwa kwa zege, na wapangaji wangu wananunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Ikifika saa nane mchana, mabati yakishapata moto, utawaona wamebeba viti vyao vya plastiki wanavuka kijia, wanakwenda kukaa chini ya mkwaju wa jirani. Na vile vyumba vitatu nilivyovipata kwa kukata miti, hakuna anayemaliza humo miezi miwili kabla hajahama. Kodi niliyoihesabu kwa kalamu sikuwahi kuihesabu kwa mkono.

Ardhi yetu hii uijue kabla hujaitoboa. Futi chache tu chini unakuta mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu na nyufa. Udongo mzuri huchuja. Nyufa hazichuji, hupitisha. Watu wa afya husema choo na kisima viachane angalau mita 30, na penye mwamba wenye nyufa hata hizo huenda zisitoshe. Sasa pima mwenyewe. Futi hamsini kwa mia ni mita 15 kwa mita 30. Ukiweka kisima mwisho huu na choo mwisho ule, umeipata kanuni kwa taabu. Lakini jirani wa nyuma naye amepiga hesabu yake ndani ya ukuta wake, na choo chake kimeegemea kisima chako. Ukuta unazuia macho. Saveya hupanda bikoni zake juu ya ardhi. Huko chini maji hayana bikoni.

Ndiyo maana mtaa haupangwi na mtu mmoja, hata awe na pesa kiasi gani. Na usidhani haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na watu wa miradi. Nenda Kinondo, jifunge kaniki kama wageni wanavyofungwa, uingie kaya ukatazame. Kaya hizi za Wamijikenda zilikuwa miji: nyumba katikati penye uwazi, msitu ukizunguka pande zote. Msitu hawakuuacha kwa kukosa mashoka. Walijua kwamba mji ni pamoja na kile usichokijenga, wakakiwekea miiko kumlinda mtu na tamaa yake mwenyewe. Mwaka 2008 UNESCO ikaiweka Kaya Kinondo na wenzake katika Urithi wa Dunia. Kinondo ni hekta zipatazo 30 tu, mpwa wangu, na watu wanapanda ndege kuja kuziona. Sisi tunaoishi jirani nazo tunashindwa kuacha futi tano.

Pale barabara ya Diani umeziona ngazi za kamba zilizotandazwa juu kwa juu. Zimewekwa na watu wa Colobus Conservation, walioanza kazi yao mwaka 1997, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Zamani tawi lilishika tawi na mbega hakuhitaji ngazi. Kila mwenye kiwanja aliondoa mti wake mmoja, na kila mmoja aliona ni mmoja tu.

Sikwambii usijenge. Vijana waoe wakalale wapi? Nakwambia jenga kwa shauri. Lile shamba ilimotoka ploti yako lilikatwa ploti kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule, zimepeana migongo. Kila mmoja akiachia futi tano za nyuma, mnapata ukanda wa futi kumi kwa mia tatu. Hapo pandeni miti, hapo maji ya mvua yazame taratibu badala ya kumfuata jirani mlangoni. Kisima kiwe kimoja, humo ukandani, cha wote. Vyoo vyote viwe upande wa barabara, mbali na kisima, na vijengewe tangi lililosakafiwa mpaka chini, mahali gari la kunyonya linapoweza kufika. Mwembe wako umesimama nyuma kabisa. Ukisogeza nyumba mbele kidogo, mwembe tayari uko ndani ya ukanda.

Halafu bati lako lisikupe joto tu. Ukanda wetu huu hupata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na zaidi. Paa la mita 10 kwa 12 hupokea lita 120,000. Toa zinazopotea, sema ubaki na 90,000: hiyo ni mitungi 4,500 ya lita ishirini. Weka mfereji na tangi, ulifunike vizuri mbu wasizalie humo. Mwenye mkokoteni atakusamehe.

Utaniambia watu hawapatani. Gazi si mbali. Wanakijiji pale wanatunza mikoko ya hekta 117 katika mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo inauzwa, na pesa zimeingia katika maji na shule. Walikaa kikao, wakabishana, wakakubaliana. Si malaika, ni watu wa pwani kama sisi. Na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 ipo, gatuzi lina maafisa wake. Lakini afisa hakai na wewe usiku kisima kinaponuka. Anayekaa na wewe ni jirani, na jirani ana haki juu yako kabla ya afisa.

Ijumaa ngapi umemsikia khatibu akisema kupanda mti ni sadaka, ndege akila humo, mtu akila, mwenye kupanda anaandikiwa thawabu? Na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo umemwita mtu wa msumeno. Mpigie simu umwambie asubiri. Kama amekula arubuni yako, mimi nitakurudishia.

Kesho baada ya alasiri nitakuwa pale chini ya mwembe na mkeka wangu. Njoo na wenzako wenye ploti, hata wakija wanne. Njoo na kamba. Kigingi cha mpaka wa futi tano nimeshakichonga, nitakuja nacho. Kukipiga utakipiga wewe. Mkono wangu umechoka.