Nilipita Mlango wa Kiswahili

Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zinasema hivi: ukitoka kidato cha nne na unataka kusomea shahada ya sheria hapa Kenya, uwe na C+ kwa jumla katika KCSE, na juu yake B ya Kiingereza au Kiswahili. Kuna njia za kando, za stashahada na za shahada nyingine, lakini njia kuu ndiyo hiyo. Mimi nimeishi ndani ya hilo neno "au". Kiingereza nilipata C+, Kiswahili A-. Bila "au", saa hii ningekuwa nachuma majani chai Nyamira, si kukusanya stakabadhi za kuomba nafasi Kenya School of Law, kule Karen.

Watu hucheka wakisikia. "Kwani utamwambia jaji 'shikamoo'?" Nami hucheka nao, lakini utani huo una swali ambalo halinitoki. Je, ni haki mlango ukubali kitu ambacho nyumba yenyewe haina haja nacho?

Maana nyumba haina haja nacho. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mienendo ya Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza. Katika mahakama za chini unaweza kuongea Kiswahili, ila maombi ya maandishi yawe Kiingereza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaviita vyote viwili lugha rasmi. Sawa. Lakini ndugu wawili wanaweza kuitwa warithi na bado mmoja tu ndiye ana ufunguo wa stoo.

Mzee wangu haoni shida yoyote. Anasema sheria si bodaboda, lazima iwe na geti. Na hapo nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Huku Kisii na Nyamira mashamba yamekatwa hadi yakawa vipande, na mtu akipoteza kipande chake kwa sababu wakili wake hakujua kuandika, hana kingine cha kuanzia. Geti liwe kali. Mimi nauliza tu geti linapima nini.

Nitoe mfano mmoja. Nilikuwa nimeketi nyuma katika mahakama moja ya huku kwetu, kesi ya urithi ikiendelea. Nyanya mmoja alimkataa mkalimani, akasema Kiswahili anakijua, na kweli alikijua. Akaeleza kwamba sehemu ya chini, karibu na mto, "nilionyeshwa na baba". Wakili, mgeni wa eneo hili, akaandika baba. Hakimu naye akaandika baba. Sasa, kwa Ekegusii "baba" ni mama. Baba mzazi ni "tata". Neno moja tu lilikuwa limetoka nyumbani bila kubisha hodi. Na usidhani ni jambo dogo. Boma lilikuwa la wake wawili, na kwa desturi yetu shamba huenda kwa nyumba, kila mke na sehemu yake. Ukionyeshwa na mama, ni sehemu ya nyumba yenu. Ukionyeshwa na baba, watoto wa nyumba ile nyingine wana la kusema.

Aliyeshtuka ni karani. Aliomba ruhusa, akaeleza, rekodi ikasahihishwa. Karani hakuwa na shahada ya sheria.

Sisemi tuweke B ya Ekegusii. Hapo tutakuwa tumejenga ukuta mwingine, Mkisii awe wakili wa Kisii na Mpokomo awe wa Tana River, na ukabila tunao wa kutosha. Wakili aliyezaliwa Lamu anaweza kumtetea mtu wa Keroka vizuri sana, mradi ajue kwamba asichokielewa kipo. Ni uwezo gani huo? Kwenye cheti changu sioni somo lake.

Wamarekani wana mtihani wao wa kuingia shule za sheria, LSAT, alama kuanzia 120 hadi 180. Hauulizi sheria hata moja. Unakupa maandishi na hoja, uone pengo liko wapi. Sina haja ya kuusifu, maana kule nako anayeweza kulipia mafunzo ya ziada hutangulia. Kitu kimoja tu kilinigusa: alama zake huzeeka. Baada ya miaka mitano hivi, unaambiwa urudi ujipime upya. KCSE yangu haizeeki. Niliyekuwa nikiwa na miaka kumi na minane, nikiwa na malaria wiki ya karatasi ya pili, ndiye anayenijibia hadi leo.

Rafiki yangu wa Keroka alipata B- kwa Kiingereza na B- kwa Kiswahili. Ana saiba. Watu wanapanga foleni kwake, si kwa ajili ya kupiga chapa tu, bali kwa sababu anauliza maswali: shamba ni la nani kwenye hati, dada zako wamejua, shahidi ni nani. Akimaliza kuandika makubaliano ya kuuziana ploti, huwa anayasoma kwa sauti kwa Ekegusii ndipo watie sahihi. Anaweza kurudia KCSE, ndiyo, au aanze na stashahada. Muulize karo itatoka wapi, na saiba atamwachia nani.

Kutoka Kisii ukipanda matatu hadi Isebania, ukavuka mpaka, unaingia nchi ambayo mwaka 2021 ilibadilisha sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani. Kama A- yangu ya Kiswahili ilitosha kuthibitisha kwamba naweza kubeba neno la mtu mwingine, basi nipewe nafasi ya kulibeba kwa lugha hiyo mbele ya jaji pale Kisii. Kama haikutosha, wafute "au", na mimi nijue nilipitishwa kwa huruma. Kinachonikera ni kuambiwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mzee ananishauri ninyamaze hadi niapishwe. Huenda ana busara. Lakini usiku, nikimaliza kupanga nakala za vyeti, ninaandika kiapo cha urithi kwa Kiswahili, cha mazoezi tu, hakiendi popote. Nimefika aya ya nne, ambapo muapaji anataja aliyemwonyesha mpaka. Nimeandika "mama yangu mzazi". Kisha nikaongeza, kwa mabano, neno alilolitumia yeye mwenyewe.