Moto wa Kupashia Chakula

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, Mlima Kilimanjaro, pale wageni wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo. Giza lilipoingia, watu wa Moshi waliinua macho wakaona utepe mwekundu ubavuni mwa mlima. Taarifa za awali za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, zilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Ukame na upepo vikafanya mengine.

Siandiki haya kuwasuta wagumu, yaani wapagazi. Mtu aliyebeba kilo 20 tangu asubuhi, na mgeni anasubiri chakula cha moto, anastahili kueleweka. Tena wengi wamekulia jikoni penye mafiga, moto hawauogopi.

Lakini huo ni moto wa nyumbani. Ukipika mtori kihambani, kwenye shamba la nyumbani, udongo una unyevu na migomba imejaa maji. Cheche ikiruka inafia hapo hapo. Ukishapita meta 3,000 mambo ni mengine. Kule huota erika, mmea wenye majani membamba kama sindano, na mwezi wa kumi, vuli ikichelewa, yanasagika kiganjani. Chini yake kuna mboji ya miaka mingi. Moto huingia humo, ukatembea chini kwa chini bila mwali, ukaibuka hatua kadhaa mbele, mpishi ameshaosha sufuria na kwenda zake.

Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha Mweka, wengine wakiupiga kwa matawi ya miti. Takribani kilomita za mraba 95 ziliungua. Na erika hiyo ndiyo inayonasa ukungu na kuudondosha ardhini, ukawa maji ya mito na mifongo, mifereji yetu ya huku chini. Haioti ikakomaa kwa msimu mmoja. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, safari hii karibu na Karanga.

Ndugu yangu mpishi, kuni za hifadhini zimekatazwa, ziache. Machalari ya ndizi yapike kambini asubuhi, uyatie kwenye hotpoti. Ikibidi kupasha njiani, jiko la gesi liweke kwenye udongo mtupu, mbali na majani, upepo ukiwa umekingwa. Ukimaliza, mwaga maji pale jiko lilipokaa, fukua udongo kidogo, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukihisi joto, usijitwishe mzigo bado.